Breki ya Pembeni

Foleni ya Jumatatu asubuhi kwenye ofisi ya bima haina adabu. Kila mtu huja na mkosi wake wa mwisho wa wiki: aliyevunjiwa taa, aliyekwanguliwa mlango, aliyetumbukia mtaroni na bado anaapa kwamba mtaro ndio uliomfuata. Wote hao waliishia meza ya tatu kutoka mlangoni, kwa dada mmoja mwembamba mwenye miwani. Kazi yake ilikuwa kupokea madai ya ajali na kuuliza swali moja kutwa nzima: "Hebu nieleze, ilikuwaje?" Kwa hiyo wateja walimwita Bi Madai, na jina likamganda.

Siku hiyo alivaa blauzi ya kijani na sketi nyeusi iliyopigwa pasi barabara, lakini macho yalikuwa mazito. Alfajiri alikuwa ameota ndoto ya ajabu. Aliota anaendesha meza yake. Meza ileile ya ofisini, na mhuri wake na kikombe cha kalamu, ilikuwa imeota magurudumu na inakwenda mbio. Usukani ulichomoka akabaki nao mkononi kama mfuniko wa sufuria. Alipokanyaga breki, printa ilitema karatasi. Alipopiga honi, simu ililia meza ya jirani. Akakata kona kwenye kabati la mafaili, akapita katikati ya wateja, akabomoa mlango wa bosi, na katika yote hayo hakuna mfanyakazi mwenzake hata mmoja aliyeinua kichwa. Walichapa tu. Mmoja alisogeza kikombe chake cha chai kisije kikamwagika.

Ila pembeni yake, ndotoni, alikaa mwanamume. Uso hakuuona, maana ilimbidi atazame mbele. Aliona kiatu tu, cha kahawia, kikikanyaga sakafu tena na tena mahali pasipo na kitu cha kukanyagwa.

Aliamka na jasho, kwenye chumba chenye kiti kimoja na sahani moja juu ya kichanja. Hakuwa na wa kumsimulia. Akaja nayo kazini kifuani.

"Anayefuata," aliita.

Aliyefuata alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, mkono mmoja umeungua jua kuliko mwenzake kama mtu anayeishi dirishani. Akakaa.

"Hebu nieleze, ilikuwaje?"

"Mimi ni mwalimu wa udereva," alisema yule mtu kwa sauti ya taratibu. "Mwanafunzi wangu, mzee mmoja mstaafu, nilimwambia rudi nyuma. Akarudi. Nikamwambia simama. Akasema, 'Nasimama, kijana, usinifokee.' Tukaingia duka la vioo."

"Duka la vioo?"

"La vioo, dada. Tungeweza kuingia la magodoro, lilikuwa palepale jirani."

Bi Madai alicheka kabla hajajizuia. Akanyanyua mhuri, akaushusha kwa kishindo kama kawaida yake, na wakati mhuri unashuka akasikia tap chini ya meza. Akanyanyua tena, akashusha. Tap. Akainama kuangalia. Kiatu cha kahawia kilikuwa kimekandamiza sakafu.

Akainuka taratibu. "Unafanya nini na mguu?"

Yule mwalimu aliuvuta mguu chini ya kiti, amepatwa na aibu. "Nisamehe. Gari letu lina breki ya pili upande wangu. Nimeizoea mno. Kitu chochote kikienda ghafla, mguu unakanyaga wenyewe. Hata nikiwa kanisani mtu akiangusha kitabu."

"Nimekuota," alisema Bi Madai, kisha akatamani meza iote magurudumu kweli imwondoe pale.

Nyuma ya mwalimu, foleni ilianza kuguna. Yeye hakugeuka. "Basi nidai," alisema. "Umekaa mahali penyewe."

*

Alimdai masomo. Ilikuwa kichekesho cha miaka mingi kwamba karani wa ajali za magari hajawahi kushika usukani. Alizisikia ajali kwa siku nyingi mno kiasi kwamba barabara kwake ilikuwa sehemu ya watu kugongana tu. Lakini Jumamosi ya kwanza alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, kavaa raba na suruali ya jinzi, mikono imeng'ang'ania usukani, na mwalimu pembeni yake ananukia sabuni ya kufulia.

"Kanyaga klachi. Weka gia. Sasa achia, taratibu."

Gari likaruka kama chura, likazima.

"Umeitupa klachi," alisema. "Hatuitupi. Tunaiachia. Kama unamwekea mtu mtoto mikononi: humwachi mpaka uone amemshika."

"Na asipomshika?"

"Mimi nipo."

Neno hilo lilimwingia Bi Madai kuliko mwalimu alivyokusudia. Ofisini walikuwa wengi, wanapumuliana shingoni, na mwenzake wa meza ya pili, mama mmoja aliyezaa mapacha wakamwita Mama Pacha, alikaa karibu naye kiasi cha kusikia anapomeza chai. Lakini ilikuwa muda mrefu tangu mtu yeyote amwambie kwamba yupo. Akageuza uso upande wa kioo, akajifanya anatazama nyuma kama alivyofundishwa.

Jumamosi zikafuatana. Alimsimulia ndoto yote, na mwalimu aliisikiliza kwa makini kama anapokea ripoti ya ajali.

"Swali moja tu, Bi Madai. Hiyo meza ilikuwa na taa za nyuma?"

"Sikumbuki."

"Basi kosa ni lako. Bima hailipi."

Simu nazo zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za masomo, kisha visingizio vikaisha na simu zikabaki.

"Umekula, Breki?" Ndivyo Bi Madai alivyomwita siku hizi.

"Nimekula. Peke yangu, na kuku wa jirani ananitazama dirishani."

"Na huyo kuku umemwambia unafundisha watu kuwagonga wenzake?"

"Tumeelewana. Nitampa kiti cha nyuma."

Mwalimu naye aliishi peke yake, na upweke wake ulikuwa wa aina yake. Alhamisi moja jioni, katika somo la ziada, wameegesha chini ya ukuta wa kiwanda wakipumzika, aliutaja mwenyewe. "Kazi yangu ni hivi. Mtu anakuja hajui usukani wala gia. Nakaa naye, namzoea, najua anaogopa malori au anaogopa mkwewe. Siku anayoweza kuendesha, anafungua mlango, anasema asante Mwalimu, anakwenda. Nikifanya kazi yangu vizuri, naachwa."

Bi Madai alitaka kumshika ule mkono ulioungua jua. Akashika gia badala yake.

"Bi Madai," alisema mwalimu, sauti imeshuka. "Ukishapata leseni, nataka nije kwa dada yako mkubwa, yule aliyekulea, nijitambulishe. Si kama mwalimu."

Maisha yake yote Bi Madai alikuwa anauliza ilikuwaje. Hakuwahi kuulizwa itakuwaje. Akawasha gari. "Tutaongea," alisema, akaingiza gia ya tatu badala ya ya kwanza, gari likatetemeka na kuzima. Tap, ukafanya mguu wa mwalimu. Hakuna aliyecheka.

*

Siku ya pili, Ijumaa, ofisi iliwaka moto. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na nusu ya mji ilikuwa imegongana na nusu nyingine. Bosi anaita huku, mteja analia kule, na katikati ya hayo simu ikatetema juu ya meza. Ujumbe ulisema: *Ya jana usiyajibu kwa haraka. Ila kuna mtu anaitaka saa yetu ya kesho. Nimpe, au nikuachie?*

Moyo wa Bi Madai ulifunguka. Akaandika kwa kidole gumba kimoja, mkono wa pili umeshika mhuri, na kutuma bila hata kusoma: *Leo nimebanwa sana.* Na baada yake neno moja, ambalo kichwani mwake lilikuwa niachie. Kisha akamgeukia mteja. "Usilie, mama. Hebu nieleze, ilikuwaje?"

Jumamosi alivaa gauni la maua alilolipiga pasi mara mbili, la kumjibu mtu nalo. Gari la shule ya udereva lilikuwa pale pale pa siku zote. Ndani yake alikaa mwalimu mwingine, mfupi, anatafuna karanga.

"Mwenzangu kasema nikumalizie mimi," alisema yule mfupi. "Karibu, dada. Unajua klachi?"

Aliendesha saa nzima bila kosa hata moja, kwa hasira. Jioni akapiga simu.

"Mwalimu."

"Naam, dada yangu." Hakusema Bi Madai. Alisema dada yangu, kwa adabu ya mtu anayepokea simu ya shule. "Mwenzangu amekufundisha vizuri?"

"Vizuri."

"Ana uzoefu kuliko mimi. Utafaulu. Na unisamehe kama nilikusumbua."

"Hujanisumbua."

"Basi vizuri."

"Vizuri," alisema Bi Madai, na simu ikakatika. Alikaa kitandani na gauni lake la maua mpaka giza likaingia chumbani. Alijieleza mambo kama yalivyoonekana: nilichelewa kujibu, akapima, akaona sifai. Nilikuwa mwanafunzi kama wengine, na mwanafunzi akikaribia kufaulu hukabidhiwa. Alilia kidogo, akanawa, akala kwenye sahani yake moja.

Wiki hizo zilikuwa ndefu. Alirudi kuwa mtu wa mhuri. Jioni alizunguka njia ya mbali ili asipite kwenye ule ukuta wa kiwanda. Simu ilipotetema ilikuwa kampuni ya simu inamtakia siku njema. Aliuliza watu ilikuwaje, wakamweleza, na kila alipogonga mhuri alisikiliza chini ya meza, na chini ya meza palikuwa kimya.

Mtihani alifaulu. Yule mwalimu mfupi alimpa mkono, akamwambia kama mtu anayesimulia hali ya hewa: "Mwenzangu angefurahi. Lakini naye ana safari. Kapata kazi ya kuendesha mitambo, kambi ya ujenzi wa barabara, mbali sana huko. Miaka miwili. Anapanda basi Jumapili saa kumi."

"Mfikishie salamu," alisema Bi Madai. Alipiga moyo konde. Mtu aliyemwacha, yeye hawezi kwenda kumuaga.

*

Jumapili mchana alijilaza na usingizi ukamchukua. Meza ikaja. Safari hii iliteremka mlima, usukani umeshikika vizuri, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Sauti tu ilikuwepo, ya taratibu: "Achia." Yeye akasikia acha, akanyanyua mikono yote miwili, akaacha. Meza ikapaa. "Sikusema acha," ilisema sauti, kwa huzuni. "Nilisema achia."

Akafumbua macho. Akabaki anatazama dari, lile neno likizunguka kichwani. Acha, achia. Polepole mkono wake ukaifuata simu. Alikuwa hajawahi kuufungua tena mlolongo ule wa ujumbe, ulimuuma. Akaufungua sasa, akapandisha juu mpaka ile Ijumaa ya mvua.

*Nimpe, au nikuachie?*

*Leo nimebanwa sana. Niache.*

Alisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Niache. Herufi moja ilikuwa imebaki kidoleni. Mtu amefungua moyo wake Alhamisi, Ijumaa akajibiwa niache, na naye, kwa kuwa ni muungwana, akaacha.

Alimpigia. Simu imezimwa. Saa ilikuwa tisa na nusu, na stendi ilikuwa upande wa pili wa mji, na Jumapili magari ya abiria ni ya kubahatisha. Mtu mmoja tu aliyemfahamu alikuwa na gari karibu, naye hakuwahi kumwomba hata kalamu.

Mama Pacha alifungua mlango na upawa mkononi. Bi Madai alieleza kwa pumzi moja, vibaya, kuanzia mwisho.

"Kwa hiyo unataka gari langu," alisema Mama Pacha.

"Najua hatujazoeana. Ukikataa nitaelewa."

"Mdogo wangu, miaka minne tumekaa bega kwa bega. Nakuona unakula peke yako, nasema huyu hapendi watu, nisimsumbue." Alikwishachukua funguo kwenye msumari. "Nilikuwa nasubiri uniombe kitu. Ila Jumatatu usije ukanipokelea madai mimi mwenyewe pale mezani."

Hajawahi kuendesha peke yake. Kwenye mzunguko wa kwanza alitaka kuwasha taa ya kukata kona, vifuta kioo vikaamka, vikapangusa kioo kikavu kwa bidii njia nzima maana hakujua vinazimwa wapi. Kwenye kilima gari lilizima, nyuma yake honi zikapigwa, matusi yakatolewa. Alitazama kiti cha pembeni. Kitupu. "Taratibu," alijiambia kwa sauti ya mtu mwingine. "Achia." Gari likapanda. Aliingia stendi anatiririka jasho, akaegesha kwa kupitiliza kwenye nafasi ya magari mawili, vifuta kioo bado vinafanya kazi.

Alikuwa pale. Shati jeupe, begi moja, amesimama pembeni ya basi na watu wanampita. Alipomwona, uso wake ulifunguka, kisha akaufunga haraka.

"Dada yangu."

"Usiniite dada yangu." Akamsogezea simu. "Soma."

"Nimeshasoma. Nimeisoma sana."

"Ongeza i."

"Nini?"

"Kwenye neno la mwisho. Kabla ya e. Weka i, usome tena."

Midomo yake ilisogea kimya kimya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akakaa juu ya begi lake, palepale, katikati ya njia ya abiria.

"Ulikuwa unaitaka saa yako," alisema.

"Nilikuwa naitaka saa yangu na wewe ndani yake. Mbona hukuuliza, Breki? Mbona hukunipigia hata kunitukana?"

"Mtu akisema nimwache, namwacha. Niliogopa nikiuliza utalirudia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikasema niende mahali ambako hakuna wa kufundisha. Mitambo haisemi asante ikaondoka."

"Usiende."

Lilimtoka lenyewe. Mwalimu alimtazama, na Bi Madai akalijua jibu kabla halijasemwa, kwa sababu ndiye mtu aliyempenda: mtu anayefanya alichoahidi.

"Nimeweka saini. Kuna watu kule wananisubiri kesho asubuhi, wameshamwondoa mtu ili niingie mimi. Ungekuja jana."

"Jana sikuwa nimeota."

Walicheka, wote wawili, vibaya, macho yamejaa maji. Kondakta alipiga ubavu wa basi kwa kiganja. Bi Madai alivua miwani, akaipangusa kwenye ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Yale ya siku ile," alisema. "Ya kwa dada yangu. Bado yapo?"

"Yapo. Hayajasogea."

"Basi nenda. Lakini niachie nafasi."

"Wapi?"

"Pembeni yako. Popote utakapokaa."

Alimshika ule mkono ulioungua jua, hatimaye, akaushika mpaka kondakta akapiga tena, na ilimbidi auachie.

Basi lilipowashwa, simu ya Bi Madai ilitetema. Ndani, nyuma ya kioo, mwalimu alikuwa ameiwasha ya kwake na kuiinamia, anaandika kwa kidole kimoja, polepole sana. *Hapa pembeni kakaa mzee anayekoroma, lakini si wa kudumu. Nafasi nimekuachia. Ujumbe nimeusoma mara mbili kabla ya kutuma.*

Basi likaondoka. Likakata kona ya geti, likaonyesha mgongo, likaingia barabarani. Bi Madai alisimama kwenye vumbi lake na watu wakampita kila upande. Kisha akahisi maumivu kwenye paja, akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza ardhi kwa nguvu zote, unakanyaga, unasimamisha basi.

Akausubiri kidogo. Kisha, taratibu, kama alivyofundishwa, akauachia.